Pau za Sut Tano

Ba'mdogo wangu Rafaqat hajawahi kuchonga ua hata moja. Watu wakisikia kwamba sisi ni wa mji wa Chiniot, na kwamba karakana yetu iko mtaa wa wachonga mbao tangu enzi za babu, hudhani kila mwanamume wa ukoo wetu alizaliwa ameshika patasi. Baba yangu, Khadim Husein, labda. Ba'mdogo alizaliwa ameshika kopo la gundi. Kazi yake ni kuunganisha: miguu ya kitanda kwenye ubavu, ubavu kwenye fremu, mlango kwenye bawaba, kisha msasa, kisha polishi. Baba akichonga, yeye anakusanya. Walifanya hivyo miaka thelathini na moja katika chumba kimoja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, wakigombania redio.

Ni mfupi, anaongea sana, na hutembea na penseli sikioni hata akienda msibani. Mfukoni ana futi ya mbao ya kukunja iliyofutika namba. Haimsumbui, kwa sababu hasomi namba, anahesabu mistari. Mistari hiyo inaitwa sut. Inchi moja ina sut nane, na mtaani kwetu hakuna ubao, skrubu wala keekee inayotajwa kwa kipimo kingine. Mtoto anajua sut kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya ngano, kiwiko cha baba kiligoma. Kilikuwa kimelalamika kwa miaka, naye akikifunga kitambaa na kuendelea. Safari hii vidole viliachia nyundo katikati ya kazi, ikaanguka mguuni kwake. Daktari wa Faisalabad alimwambia aache nyundo. Baba hakuacha nyundo tu, aliacha vyote. Alipangusa patasi zake arobaini na tatu, akazikunja kwenye turubai lake, akaliweka juu ya kabati, akahamia kwenye kitanda cha kamba mbele ya televisheni. Alitazama kriketi. Mechi zikiisha alitazama marudio ya mechi. Karakana iko upande wa pili wa ukuta wa chumba hicho, lakini kwa miezi hakuvuka mlango wake.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, tukiwa tunafuturu wote, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Nimempigia Asghar. Atakuja siku ya tatu ya Idi ya Kuchinja, achukue patasi."

Asghar ni mpwa wa mama, mchongaji wa huko Gujrat, kijana mwenye adabu. Mama aliendelea kumimina sharubati. Ba'mdogo alikuwa amekwisha kuinua tende, akairudisha kwenye sahani.

Kesho yake alinifuata barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Alikaa kwenye ngazi, akavuta pumzi, akatoa simu.

"Mwalimu, kile Kiingereza chako bado kinafanya kazi?"

"Inategemea ni kazi gani, ba'mdogo."

Kwenye simu kulikuwa na mzee wa nchi ya mbali, amevaa miwani ya usalama, na mbele yake mashine ndogo ikichimba jani kwenye ubao bila kushikwa na mtu. Kompyuta inaiongoza: nenda kulia, nenda kushoto, shuka, panda. Wanaiita si-en-si. Wenye viwanda wa barabara ya Jhang wanazo, kubwa kama basi, na ba'mdogo alikuwa akizipita bila kugeuza shingo, kama mtu anayepita nyumba ya mtalaka wake.

"Huyu ametengeneza sebuleni kwake," alisema. "Nisomee ametumia nini. Kila kitu. Hadi nati."

"Ya nini?"

Alitazama mlango wa ndani, akashusha sauti. "Kiwiko cha kaka kinauawa na nyundo. Nyundo ni ya nini? Ya kuchimba. Unaondoa mbao usiyoitaka, ua linabaki limesimama. Baada ya hapo hakuna nyundo tena, ni mkono na patasi, kusukuma na kukwangua. Hiyo kazi kaka ataifanya mpaka apate vitukuu. Sasa kukiwa na kitu cha kumchimbia..."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba namletea roboti amsaidie? Atanirushia birika. Akiuliza, tunatengeneza mashine ya miguu ya sofa. Umesikia? Miguu ya sofa."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kusoma. Nilirudi kutoka shule, nikajifungia na kurasa za watu waliojenga mashine hizi mabandani mwao, kila mmoja akimpinga mwenzake kwa adabu ndefu. Nilijaza daftari la kurasa tisini na sita. Kila kifaa ukurasa wake: kazi yake nini, kipo cha namna ngapi, watu wanalalamikia nini. Kila alasiri, kabla ya kwenda kupanga foleni ya samosa za futari, ba'mdogo alikuja nimsomee.

"Pau za kuongozea," nilisoma. "Ndizo reli zinazobeba mkono wa mashine. Zinyooke kabisa, ziwe ngumu, na ziwe nene kiasi cha milimita kumi na sita kwa mashine ya ukubwa wetu."

"Hizo milimita niandikie kwa lugha ya watu."

"Milimita ni lugha ya watu, ba'mdogo."

"Ni lugha ya wauza dawa. Nikiingia dukani nikasema milimita, muuzaji atajua mimi mgeni, atanipa takataka. Andika sut."

Nikaandika sut. Nilikuwa na jedwali langu pembeni. Milimita kumi na sita ni sut tano. Ndivyo hata mwenye duka la vyuma mtaani kwetu anavyosema, ukimwomba keekee ya kumi na sita anakupa ya sut tano, na milango ya Chiniot haijaanguka kwa sababu hiyo.

Habari ilienea kabla ya mfungo kufika nusu. Tufail, fundi wa kuchomelea wa mkabala nasi, alivuka barabara akiwa bado na miwani yake nyeusi kichwani.

"Injinia! Nasikia unajenga mashine."

"Ya miguu ya sofa."

"Kwa mbao gani? Shishamu?"

"Fremu? Kwa chuma. Utanichomelea wewe."

Tufail aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine aliyesikia. "Mtu wa Chiniot anajenga kwa chuma! Una shishamu mpaka chini ya kitanda, mbao ngumu kuliko kichwa chako, halafu unataka chuma?"

"Shishamu naijua kama ninavyomjua mke wangu," alisema ba'mdogo. "Mvua za Saawan zikija inavimba. Baridi ikija inanywea. Wala haikuombi ruhusa."

"Nimekusikia!" alipiga kelele mamdogo Balqis kutoka jikoni.

"Nasifia, Balqis! Nasifia!"

Alikuwa amesema kweli. Kwa kazi yake ya milango, yeye ndiye anayeacha nafasi ya upana wa uzi kila upande, ili ubao upate pa kupumulia mvua zikianza. Mashine haiwezi kupumua. Nilimsomea kwamba ubao wa kubanwa hauchezi sana na hali ya hewa lakini unainama ukibebeshwa mzigo, na kwamba alumini ni nyepesi na nzuri lakini haina huruma na mfuko. Akachagua mabomba ya mraba ya chuma kutoka kwenye lango la shule lililobomolewa, na ubao wa kubanwa akauweka juu kama meza, kwa kuwa meza itakatwakatwa na kubadilishwa.

Tufail alichomelea kwa siku mbili. Chuma kikipoa huvuta, na fremu ilipopoa pembe moja ilikuwa imenyanyuka. Ba'mdogo alichukua kioo cha meza ya chai ya mamdogo, akakilaza juu yake, akachungulia chini ya kioo kama anayechungulia chini ya mlango, na kuanza kuweka vipande vya bati hapa na pale mpaka mwanga ukaacha kupita. Hapo alikuwa nyumbani. Kulazimisha vitu viwili vikubaliane ndiyo kazi ya maisha yake.

Kwa parafujo za kusukumia mkono wa mashine, nilimsomea kwamba zile nondo ndefu zenye meno zinazouzwa kwa kila muuza nati huenda polepole na huliwa na kazi. Kwa mashine ya kwanza, wengi walisema, zinatosha.

"Basi," alisema. "Ya kwanza ndiyo ninayoitaka. Ya pili sina haraka nayo."

Mota alizitoa kwenye mashine tatu mbovu za fotokopi. Alizifungua mwenyewe barazani, akazipanga mota kwa ukubwa kama viazi. Ni mota za namna yake, hazizunguki ovyo, zinapiga hatua na kusimama. Ukizungusha moja kwa vidole unahisi zile hatua, tik tik tik. Alimpa mama mojawapo azungushe. Mama alisema ni kama kuhesabu tasbihi ya mtu mwenye hasira.

Baada ya Idi ndogo alipanda basi kwenda Lahore na daftari langu kwenye mfuko wa kanzu. Alirudi alasiri ya siku ya pili akiwa amebeba kifurushi kirefu kilichofungwa kwa mtandio wa mamdogo, akitembea kwa uangalifu kama aliyebeba mtoto wa mtu. Zilikuwa pau sita, kutoka soko la vyuma chakavu la Misri Shah. Muuzaji alisema zilitolewa kwenye mtambo wa zamani wa kupigia chapa uliotoka Uingereza. Ba'mdogo aliziviringisha moja moja juu ya kioo. Hakuna iliyoyumba. Zilitoa sauti moja ndefu, laini.

"Sut tano kamili," alisema, na sijamwona akitabasamu vile tangu harusi ya binti yake. "Alizipima mbele ya macho yangu. Kamili, mwalimu, si pungufu, si zaidi."

Beringi alizinunua mpya, kwenye maduka mengine, kumi na mbili, kila moja kwenye karatasi yake ya mafuta. Aliingiza moja kwenye pau. Ikateleza kama samli kwenye sufuria ya moto.

"Ona! Hata haiombi kusukumwa."

Hata mimi nilifurahi. Sasa najua ilitakiwa iombe kidogo.

Wakati wote huo baba alikaa upande wa pili wa ukuta. Alisikia msumeno, cheche za Tufail, na matusi madogo ya ba'mdogo. Hakuuliza kitu. Mara moja tu, nikimpelekea chai, alisema bila kuondoa macho kwenye kriketi, "Hiyo miguu ya sofa ina mota ngapi?"

"Tatu, baba."

"Sofa itatembea yenyewe hiyo."

Zilibaki siku tano kabla ya Idi ya Kuchinja mashine iliposimama. Mbuzi wetu alikuwa amefungwa uani akila maganda ya tikiti. Kwa kukata, ba'mdogo alifunga ile mota ya mkononi ambayo maseremala hutumia kulainishia kingo. Mchoro niliutoa kwenye sanduku la karatasi za baba: ua lenye majani manane ambalo alilichora kabla sijazaliwa, karatasi imetobolewa kwa sindano kila mstari. Nililinakili kwenye kompyuta kwa jioni tatu. Pembezoni mwa karatasi palikuwa na maandishi yake: *niachieni nusu sut*. Ndilo neno alilowaambia wote waliowahi kumchimbia mbao. Mchimbaji asifike kwenye mstari. Aache nusu sut ya mbao kuzunguka ua, na hiyo nusu ni ya mkono wa baba.

Mashine ilianza vizuri. Vumbi la shishamu lilipaa na harufu yake ya pilipili, jani la kwanza likaanza kuonekana, na ba'mdogo akanishika bega. Kisha mkono wa mashine ukageuza njia, na kukasikika mgongano mdogo. Tak. Ukageuza tena. Tak. Tulipozima na kupuliza vumbi, kingo za jani zilikuwa na mawimbi kama mchanga wa ukingo wa mto Chenab maji yakishapungua. Penye kona kisu kilikuwa kimeng'ata ndani, kikapita nusu sut, kikapita mstari, kikaingia kwenye jani lenyewe.

Ba'mdogo alikaza kila bolti. Akakata tena, mawimbi yakarudi. Akalaumu mota, akazibadilishana nafasi. Akalaumu parafujo, akaweka nati mbili mbili na springi katikati yake. Siku ya pili alilaumu umeme, ambao siku hiyo haukukatika hata mara moja. Aliharibu mbao saba nzuri. Alipofika ya nane aliacha kuongea, na hapo ndipo mamdogo Balqis alipotoka jikoni kuja kumtazama.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona kimya?"

"Balqis, keshokutwa ni Idi. Siku ya tatu yake Asghar yuko mlangoni."

Mamdogo alijua maana yake. Sote tulijua. Alimwekea chai pembeni, akafunika kwa sahani ili vumbi lisiingie.

Nilikuwa nimeshika ufagio, na mashine ilikuwa inafanya jaribio la tisa bila ubao, inazunguka tu hewani, tak, tak, tak, niliposikia ndala. Baba alisimama kwenye mlango wa karakana. Alikuwa amevaa fulana ya ndani, mkono mbaya ameushika kwa mkono mzuri.

"Mmenimalizia mechi," alisema. "Mnagonga tangu jana."

"Samahani, kaka. Ni mota, nadhani..."

"Si mota. Mota inalia, haigongi. Hapo kuna mtu amevaa kiatu kikubwa."

Aliingia. Alipita kando ya benchi lake bila kuliangalia, akainama juu ya mashine, akaweka vidole viwili, kimoja kwenye pau na kingine kwenye beringi, akausukuma mkono wa mashine kwa kidole gumba, kulia, kushoto. Alifanya hivyo mara mbili tu.

"Hapa. Inacheza. Unene wa karatasi."

"Haiwezekani," alisema ba'mdogo. "Pau ni sut tano kamili. Beringi ni sut tano."

"Mimi nakwambia inacheza."

Nilikuwa nimeazima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye maabara ya shule yetu. Niliipata chini ya madaftari, nikaibana kwenye pau. Kumi na tano nukta themanini na nane. Nikabana tena. Kisha nikatazama ubavu wa beringi, ambapo pameandikwa 16.

Sut tano si milimita kumi na sita. Inaikaribia mno, kiasi kwamba mtu mwenye kutengeneza milango hatajua tofauti maisha yake yote. Pau za mtambo ule wa Kiingereza zilitengenezwa kwa inchi, na zilikuwa sut tano za kweli. Beringi zilitengenezwa kwa milimita. Kati yao paliingia unene wa karatasi moja ya daftari langu, na kufika kwenye ncha ya kisu, chini kabisa ya mkono wa mashine, ile karatasi ilikuwa imezaa.

"Ni mimi," nilisema. "Niliandika sut tano. Ilikuwa kumi na sita. Ni mimi niliyeandika."

Nilidhani ba'mdogo atakasirika, nikatamani akasirike. Alichukua daftari, akafungua ukurasa wa pau, akausoma kana kwamba angekuta neno lingine.

"Na nani alikukataza kuandika milimita?" alisema mwishowe. "Nilisema ni lugha ya wauza dawa. Haya, sasa naumwa, na duka la dawa limefungwa."

Maduka ya Lahore yalikuwa yamefungwa kweli. Watu walikuwa wameshaenda makwao na mbuzi wao. Hakuna ambaye angeuza pau wala beringi mpaka wiki ipite, na wiki hiyo Asghar angekuwa ameshakuja na kuondoka.

Baba bado alikuwa ameinama. "Hizi beringi zina nini ndani?"

"Gololi, kaka. Vidonge vya chuma vinavyoviringika."

"Na lazima ziwe gololi?"

Ba'mdogo alinitazama. Nilipekua. Ukurasa wa arobaini na mmoja, kwa maandishi madogo, kwa kuwa sikuona umuhimu wake wakati ule: *wengine hutumia mbao ngumu zilizochemshwa kwenye mafuta*.

"Si lazima," nilisema. "Hata mbao."

Baba alinyooka. "Keekee yetu ya sut tano iko wapi?"

Ni ile ile aliyoinunua babu. Ilikuwa ya sut tano za kweli, za inchi, kama pau.

Mbao ilitoka kwenye mguu wa kitanda cha bibi, kiini cha shishamu cheusi kilichokauka miaka arobaini juu ya dari. Ba'mdogo aliukata vipande kumi na viwili. Alitaka vichemshwe kwenye mafuta ya haradali. Baba akasema haradali peke yake itaganda na kunata kama gundi, tieni na mishumaa. Kwa hiyo mkesha wa Idi, wakati mtaa mzima unanukia vitunguu, mamdogo Balqis alisimama mbele ya sufuria yake kubwa akikoroga kwa mwiko.

"Wenzetu wanaandaa kunna, mchuzi wa mbuzi wa chunguni," alisema. "Mimi napika mguu wa kitanda cha mama mkwe. Niweke chumvi?"

"Weka, na uupike mpaka ulainike," alisema ba'mdogo kutoka uani.

Baada ya swala ya Idi na kuchinja, vipande vilikuwa vimepoa. Ba'mdogo alitoboa kwa keekee. Lakini tundu linalotoka kwenye keekee halilingani kamwe na pau, linabana hapa, linaachia pale. Lilihitaji mkono. Baba alikaa kwenye benchi lake. Aliliangalia vumbi lililokuwa juu yake, akalipuliza.

"Nuzhat," aliniita, "niletee turubai."

Nilipanda kwenye kiti nikaliteremsha kutoka juu ya kabati. Alichagua patasi moja nyembamba, yenye mgongo wa mviringo, akaanza kukwangua ndani ya tundu, bila nyundo, kwa kusukuma tu na kifundo cha mkono. Alikuwa akiingiza pau, anazungusha, anatoa, anatazama mahali palipong'aa, anakwangua pale pale. Kipande cha kwanza kilichukua saa moja. Upande mmoja alipasua ufa kwa msumeno, ba'mdogo akapitisha bolti ya kubania, ili tundu likilika siku za mbele mtu akaze kidogo na kuendelea. Lilikuwa wazo la ba'mdogo, na baba alilitazama kwa muda.

"Hili umelitoa kwenye Kiingereza?"

"Nimelitoa kwenye bawaba ya lango la Haji Sahib."

"Hm," alisema baba, na kwa mdogo wake hiyo ni sifa kubwa.

Wageni wa Idi walikuja, wakalishwa nyama ukumbini na mama, wakaondoka wakiuliza wanaume wa nyumba wako wapi. Baba alifanya kazi siku hiyo na siku iliyofuata, akipumzisha kiwiko kila akimaliza kipande. Alikuwa akikikunja na kukikunjua, akikisikiliza. Sikumwona akikifunga kitambaa. Adhuhuri ya siku ya pili kipande cha kumi na mbili kiliingia kwenye pau. Ukikisukuma kilikwenda. Ukikiacha kilisimama hapo hapo.

Walikata ubao mmoja tu alasiri ile. Mashine ilivuma, ikageuza njia, na tulisubiri ule mgongano, wote watatu tumeinamisha vichwa. Haukuja. Ilipomaliza, ba'mdogo alipuliza vumbi, akatoa futi yake ya kukunja, akaiweka kwenye ukingo wa jani, akahesabu mistari kwa ukucha. Kisha akampa baba.

Baba hakupima. Alipitisha kidole gumba kuzunguka majani yote manane.

"Nusu sut," alisema. "Hapa kwenye kikonyo imezidi unywele mmoja."

"Nitarekebisha, kaka."

"Acha. Huo unywele nitautumia."

Asghar alifika siku ya tatu saa nne asubuhi, na sanduku la pipi za maziwa na begi tupu. Mama alimkaribisha, akamwuliza habari za safari, akamwuliza habari za kila mtu wa Gujrat kwa jina, nikajua anavuta muda. Hatimaye alimleta karakana. Baba alikuwa ameinama kwenye benchi, patasi mkononi, jani la tano limekwisha, la sita limefika nusu. Turubai lilikuwa limekunjuliwa urefu wote, na kila patasi ilikuwa mahali pake isipokuwa ile aliyoishika.

"Assalaam alaikum, baba mkubwa."

"Wa alaikum salaam. Keti, Asghar. Umekula?"

"Nimekula. Nimekuja kwa ajili ya..." Alitazama turubai, akatazama jani, akaishia hapo. Nimesema ni kijana mwenye adabu.

Baba alipuliza unga kwenye ua. Akainuka, akaenda kwenye kona, akarudi na nyundo zake za mti, zote nne, vichwa vimelika upande mmoja kwa miaka ya kupiga. Aliziweka kwenye begi la Asghar moja moja, kubwa chini, ndogo juu.

"Hizi chukua," alisema. "Ile kubwa ina ufa mdogo, usiipige kwenye shishamu kavu. Patasi utazisubiri kwanza."

"Mpaka lini, baba mkubwa?"

Baba alikuwa amekwisha kukaa, amempa mdogo wake mgongo.

"Muulize Rafaqat," alisema. "Yeye ndiye mwenye mashine ya sofa. Rafaqat! Washa hiyo kitu, na punguza redio."